Kidole Chini ya Panchi

Mke wangu alikuwa na panchi kumi na moja za kukatia maua ya karatasi, na mimi nilizichukia zote kabla hata sijazijua. Sisemi zile panchi za ofisini za kutoboa matundu mawili ya faili. Hizi zake kila moja ilikuwa na umbo lake: ua la petali tano, kipepeo, jani, njiwa, msalaba mdogo, na moja ndefu ya kukata ukingo wa kadi ukatoka kama lesi. Unaingiza karatasi mdomoni, unabonyeza juu kwa kiganja, na chini kinadondoka kiua kidogo kilichokamilika. Kwa kazi hiyo alitengeneza kadi za harusi, za komunyo ya kwanza, za kipaimara, na zile za kutoa pole ambazo watu hununua bila kuchagua. Tulipanga vyumba viwili na baraza pale Msamala, Songea. Barazani nilikaa mimi na baiskeli na pikipiki za watu, na chumba cha mbele kilikuwa chake.

Mimi ni mtu wa hasira. Nati ikigoma naipiga. Mnyororo ukikatika nautupa ukutani kwanza, ndipo naufuata kuutengeneza. Kuna wateja niliowahi kuwakunja shati kwa sababu ya neno moja. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo, na nyumbani kwetu tulijua siku itakavyokuwa kwa jinsi alivyotua jembe akitoka shamba. Mke wangu nilishampiga makofi mara tatu katika miaka sita ya ndoa. Kila mara niliomba radhi, na kila mara nilijiona mwema kwa kuomba radhi. Naandika haya kwa aibu, lakini nayaandika.

Alikuwa na masharti mengi juu ya panchi zake kuliko padri juu ya kalisi. Zisikae sakafuni, kwa kuwa masika ya Songea yanapandisha unyevu mpaka kwenye godoro. Zisikate stika, gundi inaganda kwenye kisu. Karatasi ya manila nene ikatwe moja moja, wala usiikunje. Kila Jumamosi alizisugua mdomoni kwa mswaki uliochakaa, akapaka mshumaa kwenye karatasi nyeupe, akaikata karatasi ile mara kumi, kumi na tano, mpaka kibonyezo kikateleza chenyewe. Na hakuwa anazipiga. Alisimama, akanyoosha mkono, akaweka uzito wa mwili taratibu. Tak. Anasogeza karatasi. Tak. Sauti hiyo ilinifuata barazani mchana kutwa na kunikera, maana mimi nilikuwa napigana na chuma huku yeye anapata hela za watu kwa kusukuma tu.

Sharti kubwa kuliko yote lilikuwa la penseli. Panchi ikikwama, kisu kinabaki kimeshuka, hakirudi. Hapo huvuti karatasi, wala hupigi. Unachukua kitako cha penseli, unakiingiza kwenye tundu la chini, unakisukuma kisu kirudi juu. Alikuwa na penseli moja nene nyekundu kwa kazi hiyo tu, na hakuna aliyeruhusiwa kuandika nayo.

Masika hayo alipata kazi kubwa. Mwalimu mmoja aliyehamia Songea kutoka kanda ya ziwa alikuwa anamwoza binti yake, akataka kadi mia tatu zenye ua la petali tano kwenye kila kona. Manila alileta mwenyewe, nene, nyeupe, ngumu kama ubao. Kufika kadi ya sitini panchi ya ua ikaanza kutafuna. Badala ya kukata ua, ikawa inaacha nyuzinyuzi pembeni, kama mtu mwenye mapengo anayekula muwa.

Nilimkuta anakata foili ya jikoni iliyokunjwa mara mbili, kisha anakata msasa laini, kisha anarudia foili.

"Ndo nini hiyo?" nikamuuliza.

"Nainoa, fundi." Aliniita fundi kama walivyoniita wote. Mtoto hatukuwa naye wa kuitiwa.

Nikacheka mpaka nikashika mlango. "Kisu kinanolewa kwa kukata msasa? Tangu lini? Lete nikupigie tupa."

"Tupa haiingii mle ndani. Ukilazimisha unaharibu. Hiki si kisu cha panga."

"Hakuna chuma nisichokijua mimi."

"Hicho hapo," akasema, na akaendelea kukata.

Neno hilo lilinikaa kooni siku tatu. Jumapili yeye akabaki kanisani baada ya misa kwa mambo ya jumuiya, mimi nikawahi nyumbani. Nikaifungua ile panchi ya ua. Skrubu nne ndogo, springi, kisu, na kipete cha plastiki ambacho sikuona kazi yake. Nikakibana kisu kwenye jiriwa, nikakipiga tupa ileile ninayonolea mapanga ya watu wakati wa kufyeka. Nikakipiga sawasawa. Nikajaza oili ya injini mle ndani ili kilainike. Nilipoifunga, kipete kikabaki mezani. Nikakitupa dirishani. Nikajaribu kisu kwa ncha ya kidole, kikanichana, nikafurahi. Nikaiweka panchi mezani kwake kama mtu aliyemletea mkewe kitenge.

Kipete kile, nilikuja kujua baadaye, ndicho kilichokuwa kinazuia kisu kisishuke kupita kiasi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na wateja watatu barazani. Nilisikia tak, tak, kisha kimya, kisha tak moja nzito, kisha kimya kirefu. Akatoka ameshika kadi kwa ncha za vidole viwili. Kila kona ilikuwa na ua lililochanika, na kulizunguka ua doa la oili lililotanda.

"Fundi, umefungua panchi yangu?"

"Nimekunolea."

Akaiinua kadi watu wote waione. "Umenolea, au umekaangia maandazi?"

Wateja wakaangua kicheko. Mmoja akapiga goti lake kwa kiganja: "Fundi, leo umepatikana!" Hata mimi nilicheka. Mke wangu hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, maana kadi zilizoharibika zilikuwa rundo na manila ile haikuuzwa popote mjini. Akarudi ndani. Mimi nikaanza kufuta mikono kwa kitambaa. Nilifuta kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja, huku wale watu bado wanakumbushana neno la maandazi na kucheka upya. Nikakitupa kitambaa, nikamfuata.

Alikuwa amekaa kwenye stuli. Panchi ilikuwa imekwama. Ameiweka ukingoni mwa meza, nusu juu ya meza na nusu hewani, mkono wa kulia umeishikilia isidondoke. Ile penseli nyekundu ilikuwa imeanguka na kubingirika chini ya kabati. Kwa haraka yake na kwa uchungu wake hakuinama kuitafuta. Aliingiza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwa chini, anakisukuma kisu.

"Unanichekesha kwa watu?"

"Niache, fundi. Niache nimalize kazi ya watu."

Hakuniangalia. Hicho ndicho kilichonimaliza, kwamba hakuniangalia. Nilisimama pembeni yake, na kutoka pale nilipokuwa nilikiona kidole chake. Sikukisia. Nilikiona kwa macho yangu, nikaona ukucha wenye rangi nyekundu iliyobanduka nusu, nikaona nyama ya ncha ya kidole imejaa kwenye tundu la panchi. Nikainua mkono na kukipiga kibonyezo kwa kiganja kizima, kwa nguvu niliyozoea kutumia kwenye ekseli iliyoshika kutu.

Haikulia tak. Ililia kama mtu anapovunja kiungo cha kuku. Mke wangu hakupiga kelele mara moja. Alifungua mdomo na sauti ikachelewa. Kisha ilipokuja nilitamani nikimbie. Kisu kilikuwa kimeingia mpaka kikagonga mfupa, na kwa kuwa springi ilikwama, hakikurudi. Alisimama, na panchi ikasimama naye, inaning'inia kidoleni. Nikamkalisha, nikachukua bisibisi, nikafungua zile skrubu nne moja baada ya nyingine huku kidole kikiwa ndani na damu inanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ananipiga kichwani kwa mkono wa kulia, anasema toa, toa, toa. Bisibisi iliteleza mara mbili. Kadi nyeupe za mwalimu zilikunywa damu kama udongo mkavu unavyokunywa mvua.

Wale wateja watatu wakajazana mlangoni. Na mimi, hata kabla skrubu ya mwisho haijatoka, nikasema, "Amejitoboa."

Dakika moja haikuwa imekwisha.

Hospitalini muuguzi aliuliza imekuwaje. Mke wangu aliniangalia, nami nikaangalia ukuta. Akasema, "Nimejitoboa." Wakamshona, wakamfunga bendeji. Baada ya siku kumi kidole kikavimba kikawa cheusi, na daktari akaikata pingili ya juu.

Sasa nieleze jambo ambalo kwangu ni baya kuliko lile pigo. Wiki zilizofuata nilimsemesha. Sikumpiga tena, nilimsemesha tu. Nilimletea uji nikasema, "Ungechukua penseli, haya yote yasingekuwepo." Nilimfulia nguo, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikasema, "Wewe mwenyewe ndiye uliyeweka sharti la penseli." Majirani wakija kumpa pole nilisimulia mimi, kwa sauti ya huruma, jinsi nilivyotaka kumsaidia kuikwamua panchi bila kujua mkono wake uko wapi. Nilisimulia vizuri. Kila nilipoirudia hadithi ile ilizidi kulainika. Mwanzoni mke wangu alikuwa ananitazama wakati nasimulia. Halafu akaacha kunitazama. Halafu siku moja nikamsikia yeye mwenyewe anamwambia jirani, "Ni uzembe wangu, sikuweka penseli." Na jioni ile aliniomba radhi. Aliniomba radhi mimi! Kwamba amenisumbua. Nikamjibu kwamba nimemsamehe.

Mama yake alipokuja kumchukua akapumzike kwao Hanga, nilimbebea begi mpaka stendi. Ilikuwa aende wiki mbili. Ikapita miezi mitatu, ikapita minne.

Nyumba ikawa kimya. Sikuwahi kudhani ningeikosa ile tak. Siku moja mteja akaniuliza shemeji atarudi lini atengenezewe kadi, nikamfukuza na baiskeli yake ikiwa haina gurudumu. Nikaingia chumba cha mbele, nikachukua ile panchi ya ua, nikaiweka juu ya fuawe na kuipiga nyundo. Ilipasuka kwa pigo la kwanza. Sikuacha. Niliipiga mpaka ikawa vipande, vipande vikawa unga, nyundo ikanichubua kiganja nikaendelea. Nikamchukua njiwa nikampiga. Nikamchukua kipepeo. Niliponyoosha mkono kuchukua ya nne, ile ya msalaba mdogo, mdomo wake ulikuwa umeota kutu. Hakuna aliyeisugua tangu aondoke. Nikaketi chini kati ya vyuma, nikalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu.

Kesho yake nilianza kuzitunza zile nane zilizobaki. Niliogopa kuzifungua. Nikatumia mswaki, nikatumia foili, nikatumia msasa, nikapaka mshumaa kwenye karatasi. Mara za kwanza nilikuwa nazipiga, kwa mazoea, na karatasi ikachanika. Mkono wangu haukujua kufanya jambo polepole. Ilinichukua siku nyingi kujifunza kuweka kiganja, kutulia, kisha kuegemea. Kila karatasi ilipokwama nilitafuta penseli, na kila nilipoigeuza panchi nione tundu la chini, nilikiona kile kidole na rangi yake. Sikuwa nakumbuka ajali. Nilikuwa nakumbuka nilichokiona na nilichoamua. Mswaki wala mshumaa havikusaidia hapo.

Nikamtuma mshenga wangu, yule mzee aliyeniposea, akaombe kikao. Wakwe wakakubali.

Tulifika Hanga saa nne asubuhi. Tukatoa shikamoo, tukaitikiwa, tukapewa togwa. Baba mkwe alikaa kwenye kiti chake, mama mkwe na mke wangu kwenye mkeka, na mashemeji zangu wawili, walamu kama tunavyoitana huku, kwenye benchi ukutani. Mke wangu alikuwa amenenepa kidogo. Mkono wa kushoto aliufunika kwa khanga. Nilitamani kumkimbilia, na nilijua sina haki hiyo.

Mshenga akasema maneno yake, mazuri, ya mtu aliyezoea. Baba mkwe akayapokea kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Akasema ajali kazini haina mwenyewe, vikombe vikiwa kabatini havikosi kugongana, mwanamke amepumzika vya kutosha, na nyumba haikai bila mwenyewe. Kwa kweli walikuwa wananirudishia mke. Ilibaki niseme asante.

"Mwenye neno?" akauliza.

"Nina swali moja," mke wangu akasema. Akatoa mkono ndani ya khanga akauweka juu ya goti, na kidole kile kifupi kikaonekana. "Fundi. Ulikiona kidole changu?"

Mshenga akanikanyaga mguu. Alikuwa mzee mwerevu, alishaelewa. Kichwani mwangu ile hadithi yangu laini ilikuwa tayari, nimeisimulia mara nyingi, ingetoka bila kujikwaa. Ningesema hapana na saa nane tungekuwa barabarani sote wawili tunangoja gari. Yeye asingeuliza tena maisha yake yote. Angerudi, angekata maua kwa vidole vyake tisa na nusu, na kila siku angejiona mjinga.

"Nilikiona," nikasema.

Baba mkwe akakohoa, akanyoosha mkono kama anayenisaidia kuvuka mto. "Ana maana alikiona baada ya ajali, damu zilipotoka. Sivyo, mkwe wangu?"

Nyuso zote zikanigeukia, na nyingi zilikuwa zinaniomba niseme ndivyo.

"Hapana, baba. Nilikiona kabla. Kilikuwa kwenye tundu, nikakiona, nikapiga."

Mlamu mkubwa ndiye aliyenifikia wa kwanza. Ngumi yake ilinikuta bado nimekaa, nikaanguka na kiti. Wa pili akanipiga teke la mbavu, kisha la mdomo, na jino likanivunjikia ulimini. Mikono yangu ilitaka kuinuka. Sitadanganya, ilitaka sana, nilikunja ngumi mpaka kucha zikanichoma. Lakini niliibana chini ya kifua nikabaki hapo, nikasikia vumbi na togwa na damu mdomoni, na mama mkwe akilia, "Muueni! Muueni kabisa!"

"Acheni," mke wangu akasema. Hakupaza sauti. "Acheni, ana safari."

Wakaacha. Nikaketi. Alikuwa amesimama juu yangu, uso mkavu.

"Miezi yote hii," akasema, "nilidhani nina wazimu. Nilikuwa nakumbuka umekiangalia. Nikawa najiambia, haiwezekani, labda nimeota, labda nina roho mbaya kumfikiria mume wangu hivyo. Nikakuomba radhi. Wewe ukanisamehe."

Niliitikia kwa kichwa.

"Haya. Inuka, gari lisikuache."

Mshenga alibaki kuomba msamaha kwa wazee. Mimi nikatoka, na yeye akatoka nami. Tulitembea njia nzima ya vumbi katikati ya mahindi, yeye hatua moja mbele. Nilikuwa natema damu kando ya njia na yeye anasubiri nimalize, kisha anaendelea. Moyoni nilianza kuwa na tumaini la kijinga, kwamba kama anatembea nami, basi labda.

Tulipofika njia panda akasimama. Akasema panchi zake atamtuma kaka yake azifuate, nizifunge moja moja zisigongane. Nikamwambia tatu nilizivunja. Akasema, "Nakujua. Sikutegemea ziwe zote."

Gari la Songea likatokea kwa mbali. Akajitanda khanga yake vizuri.

"Haya, safari njema," akasema, akageuka.

Huku kwetu mgeni hatoki mwenyewe, anasindikizwa. Miaka yote ya ndoa, kila tulipotoka kwao, wazee walitusindikiza sote wawili mpaka njia panda ile, tukaagana nao, tukapanda gari pamoja. Siku hiyo nilisindikizwa peke yangu, na aliyenisindikiza alikuwa mke wangu.